Miaka Mitano Mnaiuza kwa Bei Gani?

Katika misikiti ya Mbeya na Iringa huwakuta wana wa pwani wengi: walimu, waganga, makarani, watu wa reli ya TAZARA. Wametoka Tanga, Bagamoyo na Kilwa. Wake zao na wazee wao wamebaki huko, safari ya siku nzima na zaidi. Baadhi yao wamekwisha timia miaka 55, na sheria yawaruhusu kustaafu kwa hiari. Hawaendi. Wangoja 60, watolewe kwa lazima.

Ukiwauliza watakwambia: "Sheikh, pensheni itapungua." Ni kweli. Kikokotoo cha mwaka 2022 huhesabu kila mwezi wa kazi kuwa sehemu 1 kati ya 580 ya mshahara. Basi miezi 60 ni kama sehemu moja ya kumi. Hiyo ndiyo bei! Kwa sehemu hiyo mtu amemwacha mama mgonjwa, mke aliyezoea upweke, na wajukuu wasiomjua ila kwa sauti ya simu.

Wengine husema ati kustaafu mapema ni uvivu. Hoja hii haisimami. Salman alipomkuta ndugu yake Abud-Dardaa ameipa nyumba yake mgongo kwa saumu na sala za usiku, alimkumbusha kwamba mwili wake na mkewe wana haki juu yake. Na Mtume s.a.w. akamsadiki Salman. Ikiwa ibada ya sunna haina ruhusa ya kula haki ya watu wa nyumbani, ofisi imeipata wapi?

Simsemi mwenye deni, wala mwenye watoto wanaongoja ada. Huyo na akae, kazi yake ni ibada. Namsema aliyekwisha jenga, akasomesha, na sasa angoja pesa za ghorofa ya pili. Hiyo si haja, ni tamaa. Na mafao ya mkupuo, yaliyopandishwa mwaka 2024 hata kufika asilimia 40 kwa baadhi ya wastaafu, ni wangapi tumewasalia janaza hawajayapokea?

Ndugu yangu, keti na mkeo mpige hesabu: chakula, dawa, zaka, sadaka. Ikitosha, andika barua. Mama yako hakuahidiwa kuishi mpaka wewe utimize 60.

Wabillahi tawfiq.