Baraka: Kabla ya kuongeza mbio za ordinatere, umeme uhesabiwe kwanza

Baraka, kwenye ukingo wa ziwa Tanganyika, umeme ni kitu cha kuhesabiwa. Sekretaria nyingi zinazochapa barua na kazi za mwisho za wanafunzi zinategemea sola na batri, na jua likikosekana, jenereta ya esanse. Ndiyo maana somo linaloenea kwa video za intaneti, la kuilazimisha prosesa ikimbie kupita kipimo cha kiwanda, halifai kupokelewa hivihivi.

Jambo lenyewe si uchawi. Fundi anaingia katika mipangilio ya mashini, anapandisha mbio za prosesa, na mara nyingi anapandisha volti pia ili isizimike. Si prosesa zote zinakubali. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni zenye herufi K mwishoni mwa jina. Nyingi za ofisini zimefungwa.

Shida iko kwenye hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kulingana na mbio, mara volti, kisha mara volti tena. Mbio zikipanda kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, umeme unapanda kwa asilimia 33 hivi. Kazi iliyochukua dakika 60 itaisha kwa dakika 55, lakini itakuwa imekula umeme asilimia 21 zaidi. Dakika 5 zimepatikana, batri imelipa.

Tuchukue batri ya volti 12 na amperi-saa 100. Ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Mashini na skrini yake vikila wati 120, kazi inaendelea masaa 5. Vikila wati 150, ni masaa 4. Saa moja hiyo ndiyo mwanafunzi anayekuja jioni na flashi yake anarudishwa nyumbani.

Wengine watasema mbona kuna ordinatere zinazokesha zikifanya kazi nzito hapa hapa Kongo. Ni kweli: mwaka 2020, mbuga ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, ilianza kutumia umeme wa maji wa Luviro kwa mashini za bitkoini. Lakini kule mto ndio unaozungusha turbini, na umeme ulikuwa haujapata wanunuzi wa kutosha. Baraka hakuna sekretaria yenye umeme wa ziada.

Hata kiwanda chenyewe kinaweza kupita kiasi. Mwaka 2024, Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa inaharibu prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Kwenye joto na vumbi la ukingo wa ziwa, bila dhamana, nani atamlipa mwenye sekretaria?

Hii haimaanishi vijana waache kujifunza. Wajifunze, lakini kwa kupima. Programu ya bure ya 7-Zip ina jaribio lake la mbio, wala haihitaji intaneti. Kipima wati kinachowekwa kati ya prizi na mashini kinaonyesha umeme unaoliwa. Jaribio lifanywe mara 3 kabla na mara 3 baada ya mabadiliko, na joto liandikwe pia. Wajaribu vilevile upande wa pili: kushusha mbio na volti kidogo. Kwa hesabu ileile, kushusha vyote kwa asilimia 10 kunapunguza umeme wa prosesa kwa asilimia 27, na kazi inachelewa dakika 7 tu kwa kila saa.

Mara nyingi mashini nzito inaponywa na kupanguswa vumbi, kuongezewa memori, au kuwekewa diski ya SSD. Wauzaji nao wawaambie wanunuzi mashini inakula wati ngapi, na mashule yanayofundisha informatika yaweke kipima wati mezani. Mbio bila kipimo ni esanse inayomwagika chini.