Contessa 26: Mashua Ndogo ya Safari Ndefu

Leo mazungumzo yetu ni juu ya chombo. Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kukipima chombo kwa macho: kikubwa tunakiamini, kidogo tunakitilia shaka. Basi sikilizeni. Mwezi wa Mei 1985 binti wa miaka 18, jina lake Tania Aebi, aliondoka New York peke yake katika mashua ya matanga ya urefu wa futi 25 na nusu. Alirejea Novemba 1987, umri wake miaka 21, naye ameizunguka dunia. Wengi wakisikia kisa hiki huuliza juu ya moyo wa msichana, au juu ya akili ya baba aliyemruhusu. Chombo chenyewe hakiulizwi, ilhali sehemu kubwa ya jawabu imo humo.

Mashua ile ni ya aina iitwayo Contessa 26. Asili yake ni Lymington, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, ambako katikati ya miaka ya 1960 fundi Jeremy Rogers na mchoraji David Sadler waliibuni. Hawakuanza na karatasi tupu. Walilichukua umbo la Folkboat, mashua ya mbao ya nchi za Skandinavia iliyotokea mwaka 1942 kwa ajili ya mtu wa kipato cha kawaida, wakalirekebisha, kisha wakalitia katika kalibu ya faiba. Baadaye Contessa ziliundwa pia Kanada, na jumla yake zikawa mamia.

Faiba hii twaijua, kwani boti za uvuvi za namna hiyo zimejaa katika fukwe zetu. Ni nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu na kuloweshwa kwa gundi ya kemikali ambayo ikikauka huwa ngumu. Mwili wa chombo hutoka mzima, hauna maungio ya mbao, basi hauhitaji kalafati, wala wadudu wa baharini watoboao mbao hawana chakula humo. Mafundi wa miaka ile walikuwa bado hawajaujua vyema mpaka wa nguvu za kitu hiki kipya, na aghalabu waliongeza unene kwa kuchelea. Ndiyo sababu mashua nyingi za wakati ule zingali zinasafiri hadi leo.

Lakini siri kubwa ya Contessa haiko juu ya maji. Mashua nzima ina uzito wa kilo 2,450 hivi, na katika hizo kilo 1,040 hivi ni farumi, madini mazito yaliyowekwa chini kabisa, katika mkuku. Maana yake ni kwamba zaidi ya thuluthi moja ya uzito wote imekaa pale pasipoonekana. Mashua yetu ya mbao husimama kwa shehena, kwa mawe au viroba vya mchanga, na kwa mabaharia wanaokimbilia upande wa juu upepo uzidipo. Ikipinduka, haina kitakachoirudisha. Contessa ikilazwa na wimbi, uzito ule wa chini huivuta na kuisimamisha tena, kama kile kidoli cha watoto ambacho kila ukikiangusha huinuka. Hakungojei mtu akimbilie upande huu wala ule, na kwa msafiri wa pekee hilo si jambo dogo, kwani hana mwenziwe wa kumkimbilia.

Mkuku wake ni mrefu, umeandama sehemu kubwa ya tumbo la mashua, na usukani umeshikizwa nyuma yake, juu kwenye shetri na chini kwenye mkuku wenyewe. Faida ni mbili. Ya kwanza, kamba au gogo lielealo halipati pengo la kunasa kati ya mkuku na usukani. Ya pili, mashua hushika njia yake wala haitangitangi. Kifaa kidogo chenye bawa, kiendeshwacho na upepo, hufungwa nyuma kikaongoza usukani usiku kucha, naye nahodha akapata kulala kidogo.

Si haki kukisifu chombo na kuzificha aibu zake. Contessa ni nyembamba, upana wake mita 2.29 tu, na kuta zake ni fupi, basi mawimbi humfikia aliyeketi usukanini akalowa mara kwa mara. Ndani, mtu wa kimo cha kawaida hawezi kusimama wima. Atapika ameinama na atavaa ameketi. Nafasi ya maji na chakula ni ya kubania. Mwendo wake haupiti sana maili 6 za bahari kwa saa, kwani urefu ulio majini ndio unaoweka mpaka wa mwendo. Mkuku ule ule mrefu huifanya iwe ngumu kuongozwa inaporudi kinyumenyume kwa mashine. Tena huingia majini mita 1.22, basi maji yakipwa haiwezi kulala mchangani kwa utulivu kama mashua zetu.

Wala faiba si kitu kisichoharibika. Ikikaa majini miaka mingi, maji huweza kupenya taratibu na kuzusha malengelenge mwilini mwake. Katika mashua nyingi za namna hii sitaha ina mbao nyepesi katikati ya tabaka mbili za faiba. Tundu la msumari mmoja lisipozibwa vizuri, mbao zile huoza huku juu panang'aa. Mnunuzi mwerevu huigonga sitaha kwa kipini cha nyundo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza mahali panapotoa sauti ya ububu.

Sasa turudi kwa yule baba. Ernst Aebi, msanii mzaliwa wa Uswisi, alimwona bintiye hana hamu ya masomo. Akamwambia kwamba badala ya kumlipia chuo atamnunulia mashua, kwa sharti aizunguke dunia nayo na aandike habari za safari. Binti alikuwa amewahi kuivuka Atlantiki pamoja na babake, lakini hakuwa amesafiri peke yake. Kupima jua kwa sekstanti ili ajue alipo alijifunza barabara akiwa tayari njiani. Akapita Panama, akavuka Pasifiki, akaikata Bahari yetu ya Hindi, akapanda Bahari ya Shamu hadi Suez.

Kwa maoni yangu, baba yule alihatarisha kupita kiasi, na simshauri mzazi yeyote amwige. Jambo moja tu namshuhudia: katika kuchagua chombo hakudanganywa na ukubwa wala starehe. Alimpa bintiye nyumba finyu yenye kulowa, ambayo ikiangushwa ingeinuka. Wazazi tunaowapeleka watoto wetu masomoni na kazini ng'ambo tungefaa kuuliza swali hilo hilo. Mara nyingi twashughulikia sanduku na nguo, twasahau kuuliza mtoto ana nini cha kumwinua siku atakapolazwa.

Wenye jamaa Kilifi, mkizuru huko wapelekeni watoto wakazitazame mashua za wageni zilizotia nanga mkondoni. Ikitokea moja imepandishwa nchi kavu kusafishwa, waambieni wasiangalie mlingoti kwanza. Wainame, watazame chini: mkuku ni mrefu au mfupi, na usukani umeshikizwa wapi. Kisha waulize kwa adabu farumi yake ni kilo ngapi.