Kiwanda cha Kisumu na Mtama wa Ukambani

Wakulima wenzetu wa Kitui na Makueni,

Wako watu wanaosema kwamba mji hupata viwanda kwa bahati tu, au kwa kuwa na wakubwa serikalini. Mimi sikubali. Natutazame Kisumu, mji wa bandari kando ya Ziwa Viktoria.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipita kwetu Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Kisumu Desemba 1901. Sisi tuliliona gari la moshi kwanza; mbona mji mkubwa ukakua kule? Kwa sababu kule reli ilikutana na meli. Pamba, kahawa na ngozi za Uganda na Tanganyika zilishushwa melini zikapakiwa katika mabehewa, na penye kushusha na kupakia hapakosi kazi.

Lakini bandari peke yake haishibishi mji. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala, na mizigo mingi ya Uganda ikaacha kupitia Kisumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kazi ya meli ikapungua. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha nguo cha KICOMI kilifungwa. Nguo za kigeni na mitumba zilijaa sokoni, na wakulima wengi wa pamba, waliochoka kungoja malipo, walikuwa wameacha kupanda. Kiwanda na mkulima ni kama jembe na mpini: kimoja kikivunjika, kingine hakilimi.

Mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa, kilifunguliwa tena, nacho hutumia mtama. Hapo ndipo habari hii inapotuhusu, maana sisi pia tumelima mtama wa gadam kwa soko hilo hilo la bia.

Basi shauri langu ni hili. Kwanza, mtama uwe safi. Pureni juu ya turubai, si juu ya mchanga. Anikeni mpaka punje ilie ikitafunwa. Wala msichanganye gadam na mtama mwekundu. Gunia moja chafu laweza kurudisha mzigo wa kikundi kizima.

Pili, uzeni kwa kikundi, kwa mapatano yaliyoandikwa. Ulizeni bei, na ulizeni pia siku ya malipo. Kuuliza si utovu wa adabu. Nanyi mkiisha kupatana, msimwuzie mchuuzi gizani kwa kuwa ameongeza shilingi mbili.

Tatu, msimtegemee mnunuzi mmoja. Mwaka 2013 ushuru wa bia ya mtama ulipopandishwa, mauzo yake yalianguka, na wakulima wakabaki na magunia. Aliyekuwa amepanda ndengu na kunde pia hakulala njaa.

Tusiionee Kisumu wivu. Ziwa hatuna, lakini mwaka 2017 kiwanda cha maembe kilianza kazi Kalamba, hapa hapa Makueni. Wazee wetu walilifyeka pori la mbung'o la Makueni kwa mikono baada ya vita ya 1939–1945, wakapata mashamba. Kazi yetu ni kuviletea viwanda mazao safi kwa wakati, na kudai haki yetu kwa wakati. Moja bila la pili halitafika mbali.