Kiingereza cha kukariri kilinila hela ya mikoba sita

Wadau, naona watu wanatumiana orodha za Kiingereza: neno hili ni sawa na lile, kariri, bandika kwenye posti. Mimi siziamini tena.

Nauza mikoba ya kitenge. Orodha yangu ilisema "purse" na "handbag" ni kitu kimoja, basi nikaandika "purse" kwa kuwa ni fupi. Dada mmoja anayeishi Uingereza akaagiza sita za kugawa harusini. Mzigo ukamfika, akaja inboksi: mbona makubwa hivi? Kumbe Waingereza wakisema "purse" wanamaanisha kipochi cha kuwekea hela. Wanaoita mkoba hivyo ni Wamarekani. Nikarudisha hela yote, na gharama ya kusafirisha ikabaki kwangu. (Wa suruali nanyi angalieni: "pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi!)

Halafu kuna "cheap", tunaibandika kila mahali. Ni bei rahisi, sawa, ila inanong'ona pia kwamba kitu ni hafifu. "Affordable" inataja bei inayolipika bila kuchafua bidhaa yako.

Kwa hiyo mimi naona bora neno moja kwa siku. Nafungua kamusi, nasoma maana na mfano wa sentensi, naangalia kama wameandika ni la Uingereza au Marekani. Na vipimo kwa sentimita naweka kila posti, hata neno nikiwa na uhakika nalo.