Msilaumu Bando, Laumuni Swali

Keti na walimu na wahadhiri wa Tabora wanaofundisha nusu darasani na nusu mtandaoni, hutakosa kusikia malalamiko yale yale: wanafunzi wetu hawajadili. Bando ni ghali, mtandao wa Sikonge na Kaliua unasuasua, na eti vijana wa siku hizi ni wavivu wa kufikiri. Kundi la WhatsApp la somo limegeuka ubao wa matangazo, na lawama zote anabebeshwa mwanafunzi na mnara wa simu.

Sikubaliani nao hata kidogo. Vijana hao hao, kwa bando hilo hilo, wanabishana kuhusu Simba na Yanga hadi usiku wa manane. Kinachowaziba midomo ni swali wanaloulizwa.

Tazama linavyokuwa. Mwalimu anatuma kwenye kundi la watu tisini: "Jadilini sababu tano za kukua kwa biashara ya misafara." Mmoja anabandika aya tano kutoka kwenye madesa. Wa pili anaandika, "Nakubaliana na mwenzangu." Wa tatu anaweka dole gumba. Mwalimu anajibu, "Vizuri sana," na mjadala umezikwa. Kulikuwa na nini cha kujadili hapo? Jibu limo kwenye madesa, na aliyewahi amelimaliza.

Na hapa Tabora tumekalia hazina ya ubishi! Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliwashinda Waarabu wa mji huu na kuifunga njia ya Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini. Mwulize mwanafunzi: Mirambo alikuwa akitetea haki ya mwenye nchi, au alikuwa akipora wasafiri? Chagua upande, toa ushahidi. Aliyeko Urambo, wilaya iliyobeba jina la mtemi huyo, hatajibu kama aliyekulia Ujiji.

Swali zuri nalo hufa likikosa wa kuliongoza. Ligawe kundi hilo kubwa katika vikundi vya watu saba au wanane. Kila mmoja amtumie mwalimu jibu lake kwanza, kabla hajasoma la mwenzake, ili asipatikane wa kujificha nyuma ya "nakubaliana". Kisha mwalimu achukue majibu mawili yanayogongana, ayaweke mezani, anyamaze. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa maana mwalimu akishatoa msimamo wake, nani atathubutu kumpinga? Kazi yake iwe kuuliza, "Ushahidi wako uko wapi?" Mjadala upewe siku tatu, kwa sababu si wote wenye chaji na bando saa moja. Tena maandishi matupu hayali bando. Zinazolimaliza ni video za mwalimu mwenyewe. Siku ya kukutana ana kwa ana, kipindi kianzie pale ubishi ulipoishia. Ukianza kusoma noti upya, umewaambia kwamba yote waliyoandika yalikuwa mchezo.

Halafu kuna Kiingereza. Tunamtaka kijana afikiri jambo gumu, alitetee, ampinge mwenzake kwa adabu, na yote hayo kwa lugha anayoiogopa, mbele ya watu wanaoweza kuhifadhi kosa lake kwenye simu. Anyamaze, tumwite mvivu! Mwache abishane kwa Kiswahili. Insha ya mtihani ataiandika kwa Kiingereza baadaye, akiwa tayari ana cha kusema.

Anayeshikilia kwamba bila vifaa vya kisasa hakuna mjadala wa masafa, akumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Chombo kilikuwa redio, ambayo haipokei hata neno moja kutoka kwa msikilizaji. Hata hivyo watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kuendesha mazungumzo, na suala lililojadiliwa liligusa malaria na maji ya kijiji chao wenyewe. Leo simu inabeba sauti, picha na maandishi kwenda na kurudi, nasi tunasema teknolojia haitoshi.

Mwalimu mwenzangu, fungua kundi la somo lako usome swali la mwisho ulilotuma. Kama jibu lake limo kwenye madesa, lifute. Waulize kuhusu Mirambo, kwa Kiswahili, halafu usiandike neno hadi siku ya tatu.