Usitupe pakiti ya unga

Mzazi mwenzangu, mwezi mmoja kabla ya likizo nilimkuta binti yangu wa darasa la nne, hapa nyumbani Nachingwea, amekata pakiti ya unga vipande vipande. Daftari la hesabu lipo pembeni, swali la kwanza tu ndilo limejibiwa. Nikafoka, nikavizoa vile vipande na kuvitia motoni. Hakulia. Ila tangu siku ile sikumwona tena akichora wala kukata kitu, nami nikajisifu kuwa mtoto ametulia.

Shule zilipofungwa alikwenda Ruangwa kwa bibi yake. Nilipomfuata nilikuta ukutani kuku na vifaranga wake, wote wa vipande vya pakiti za sabuni na majani ya chai, vimebandikwa kwa uji wa muhogo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe ulikuwa humwoni?" Sikuwa na jibu.

Nikamkumbuka Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma sanaa Makerere, Uganda, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa. Kisha akawa mwalimu, na kwa miaka mingi sanaa ikakaa kando. Alipoirudia alikuwa mtu mzima, na rangi za dukani hakuzimudu. Akachukua pakiti za unga na sabuni, akazikata na kuzibandika mpaka zikawa watu na wanyama wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilioneshwa New York, Marekani. Alifariki mwaka 2021, akiwa amevuka miaka 90.

Sisemi hesabu ziachwe. Karuga mwenyewe alishika chaki. Nasema kila jambo lipewe saa yake: kwanza kazi ya shule, halafu mkasi. Mtengee mtoto boksi la pakiti tupu na kipande cha ukuta. Gundi ni uji mzito. Akimaliza, usimwulize picha hiyo itamlipa nini. Muulize, "Huyu uliyemchora ni nani?"

Tuliporudi Nachingwea niliweka boksi nyuma ya mlango, nikamwomba radhi. Wiki nzima hakuligusa. Jumamosi, nikiwa nachambua mboga uani, nikasikia mkasi.