Pera, Buibui na Fundo: Kimixe Hakihitaji Kiunguja Chake

Huko Meksiko neno "lahaja" limegeuzwa kuwa tusi. Kihispania huitwa lugha. Kinachosemwa na Wamixe zaidi ya laki moja katika milima ya Oaxaca huitwa lahaja tu. Sheria ya mwaka 2003 ilizitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa sawa na Kihispania, lakini dharau haijaondoka.

Dharau hiyo ni rahisi kuikanusha. Gumu zaidi ni kosa la marafiki: wanaokiri kuwa Kimixe ni lugha, kisha wakakishauri kichague usemi wa mji mmoja, kiufanye sanifu na kuiacha mingine. Wanaisimu wa Kiswahili wanaoshabikia ushauri huu huutolea mfano wa Kiunguja, kana kwamba ni dawa ya kila lugha.

Mshauri na asikilize kwanza. Katika Kimixe cha Coatlán, vokali ina urefu wa namna tatu, jambo adimu duniani. Searle Hoogshagen alilieleza mwaka 1959: neno "posh" lenye vokali fupi ni pera, vokali ikivutwa kidogo, ni buibui, ikivutwa zaidi, ni fundo. Tena vokali za Kimixe hutofautiana kwa kazi ya koo: ipo ya kawaida, ipo inayokatwa kooni, ipo inayotoka na pumzi. Totontepec ina vokali nyingi kuliko Coatlán. Tahajia ya mji upi itaitosha miji yote? Fundo la nani litaandikwa kama pera?

Wamixe wenyewe hawajalala. Sauti p, t na k hugeuka ghuna zikiwa kati ya vokali. Wapo wanaotaka ziandikwe p, t, k daima, kwa kuwa mabadiliko hayo hutabirika. Wapo wanaotaka b, d na g zionekane, kama sikio linavyozisikia. Pande hizo zimepewa majina ya utani, petakero na bodegero. Wageni huuona mvutano huo kuwa udhaifu. Sivyo: hao ni wenye lugha wakiamua mambo yao.

Waswahili hawakupewa nafasi kama hiyo. Kiunguja kiliteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, chini ya tawala za kikoloni, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Faida zake hazikanushiki: vitabu, magazeti, shule. Lakini gharama pia itajwe. Mmvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni, kaa la moto na kaa wa pwani, kwa mpumuo wa konsonanti ya kwanza. Tahajia sanifu haina alama ya mpumuo huo. Mtoto wa Mombasa akafundishwa, bila kuambiwa waziwazi, kuwa matamshi ya bibi yake hayahesabiki.

Basi asiyelipa gharama hiyo asiwauzie wengine. Kimixe kinaweza kukubaliana juu ya kanuni za herufi, kila mji ukaandika sauti zake, na msomaji akazoea za jirani. Februari 2019, mwanaisimu Yásnaya Aguilar, mzaliwa wa Ayutla, alilihutubia bunge la Meksiko kwa Kimixe. Hakungoja kamati imteulie lahaja.